Leo Hatuandiki Programu: Tunaongea Vipele vya Ndevu

Wale mliofika hapa mkitarajia sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, tulieni kidogo, itakuja. Leo naandika kuhusu ndevu. Ndiyo, ndevu! Hasa vile vipele vinavyoota kidevuni na shingoni siku mbili tatu baada ya kunyoa, vinavyowasha, vinavyotunga usaha, kisha vinaacha madoa meusi yasiyotaka kwenda zao.

Najua kuna atakayeuliza: mtunga programu na vipele wapi na wapi? Nina sababu tatu. Kwanza, wengi wenu mnaonisoma ni wanaume wenye nywele za kipilipili kama mimi, na maandishi ya matibabu hunukuu mara nyingi kwamba hali hii huwapata kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume weusi wanaonyoa. Pili, tatizo hili lina mtiririko wake, lina chanzo chake, na linatatuliwa kwa utaratibu uleule tunaoutumia kusaka hitilafu kwenye programu. Tatu, mdogo wangu alikuwa karibu kupoteza kazi kwa sababu ya shingo yake.

Nianze na hilo la tatu.

Barua mbili za onyo

Mdogo wangu ni askari wa kampuni moja ya ulinzi hapa Nairobi. Analinda lango la jengo la ofisi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Sheria ya kwanza ya kazi ni sare safi. Ya pili ni uso usio na hata kivuli cha ndevu, kila siku, na mkubwa wao hukagua kwenye gwaride la asubuhi. Kwa hiyo kijana aliamka saa tisa na nusu za usiku, akanyoa kwa maji baridi na wembe wa plastiki wa bei nafuu, akapanda matatu, akaenda kazini.

Baada ya miezi minane shingo yake ilikuwa imejaa vipele kama ngozi ya fenesi. Kola ya sare ilikuwa ikivisugua kutwa nzima, na jioni ilirudi na matone ya damu. Mkubwa wake alipoona akamwambia mbele ya wenzake kwamba yeye ni mchafu. Ikafuata barua ya onyo, na sababu iliyoandikwa ni "usafi wa mwili". Kisha ya pili. Ya tatu kwa kampuni hiyo ni kufungasha virago.

Alinijia Jumapili moja na barua zote mbili mfukoni. "Kaka," akaniambia, "hawa watu wananiambia nioge. Mimi naoga mara mbili kwa siku." Na ni kweli, huyu ni kijana ambaye hata viatu vyake husafisha kwa mswaki. Sasa ukiwa na mtu anayeoga mara mbili, ananyoa kila siku, na bado uso unazidi kuharibika, kuna jambo haliendi sawa kwenye maelezo ya tatizo. Kinachoitwa dawa ndicho kinacholeta ugonjwa: alivyozidi kunyoa ili apendeze ndivyo alivyozidi kuumia, na alivyozidi kuumia ndivyo alivyoamriwa anyoe zaidi. Sisi tunaoandika programu tunalijua hilo, ni mzunguko usio na mwisho.

Unywele unaorudi nyumbani

Fundi mzuri akiletewa hitilafu haanzi kubadilisha mistari ovyo. Kwanza anauliza: kitu hiki kinatokeaje?

Unywele wa kipilipili hautoki kwenye ngozi ukiwa wima kama mlingoti. Kifuko chake huko chini chenyewe kimepinda, kwa hiyo unywele unachomoza ukiwa umeinama, karibu ulale juu ya ngozi, na tayari umeanza kujikunja. Ukiuacha urefuke, unajikunja huko juu na hakuna taabu. Ukija na wembe unafanya mambo mawili kwa mpigo mmoja: unaufupisha unywele na unauchonga ncha. Sasa una mkuki mdogo uliopinda, na unaelekea chini.

Hapo kuna njia mbili za kuumia.

Njia ya kwanza: unywele unachomoza, unakua, unapinda, kisha unaitoboa ngozi na kuingia tena milimita moja au mbili kutoka mahali ulipotokea. Umerudi nyumbani kupitia dirishani.

Njia ya pili: unywele umekatwa chini kuliko usawa wa ngozi. Ngozi inaufunika, nao ukianza kukua haupati mlango. Unatoboa ukuta wa kifuko chake ukiwa bado ndani. Huu hata haukutoka nje.

Njia zote mbili zinaishia mahali pamoja. Mwili unaona kijiti kigeni chenye ncha mahali pasipostahili, unatuma askari wake kupambana nacho, na panavimba, panawasha, panauma. Ni kama programu ya kuzuia virusi inayoshambulia faili halali ya mfumo wenyewe. Unywele ni wako, lakini uko mahali ambapo mwili haukuutarajia.

Madaktari huiita hali hii sudofolikulitisi barbe. Hiyo "sudo" ya mwanzoni (si ile amri ya Linux, jamani) maana yake ni "ya uongo": inafanana na maambukizi ya vifuko vya ndevu, lakini chanzo chake si vijidudu. Vijidudu vinaweza kuja baadaye na kutumia mlango uliokwisha kufunguliwa, na hapo ndipo usaha huzidi. Lakini ndugu msomaji, shika hili: havitokani na uchafu, na mtu hamwambukizi mwenzake. Barua za mdogo wangu zilikosea tangu mstari wa kwanza.

Kuna na suala la kurithi. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo kuhusu badiliko dogo kwenye jeni moja ya keratini, ile inayojulikana kama KRT75, ambayo hufanya kazi kwenye tabaka linalozunguka unywele ndani ya kifuko. Mtu mwenye badiliko hilo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata vipele hivi. Herufi moja tu imebadilika kwenye msimbo mrefu ajabu, na shingo ya mtu inalipa. Nani aliyewahi kutafuta alama moja iliyokosekana mpaka usiku wa manane atanielewa.

Makali yalivyoongezeka

Sasa tuangalie kifaa. King C. Gillette alipata hataza ya wembe wake wa kubadilisha makali huko Marekani mwaka 1904. Ulikuwa na kiwembe kimoja chembamba, cha kutumia na kutupa. Mwaka 1971 kampuni yake ikatoa Trac II, wembe wenye makali mawili yaliyopangwa moja nyuma ya jingine. Mwaka 1998 ikaja Mach3 na makali matatu. Mwaka 2006 ikaja Fusion, makali matano.

Makali ya pili yana kazi gani? Wazo lake ni hili: ukali wa kwanza unaushika unywele na kuuvuta nje kidogo wakati unaukata. Kabla unywele haujarudi ndani, ukali wa pili unafika na kuukata tena, chini zaidi. Unapojirudisha, ncha yake inazama chini ya usawa wa ngozi. Unapitisha mkono shavuni, laini kama kioo.

Kwa mtu ambaye nywele zake zimenyooka, huo ni ufundi wa kusifiwa. Unywele utapanda moja kwa moja na kutokea pale ulipozamia. Kwa mwenye nywele za kipilipili, soma tena ile njia ya pili hapo juu. Mashine imefanya kazi yake sawasawa, na ndiyo maana umeumia. Sifa ya kifaa kwa mteja mmoja ni hitilafu kwa mteja mwingine. Kila mtu aliyewahi kuandika programu kwa watu ambao hajakutana nao anafaa kulibandika hilo ukutani.

Tulivyofanya

Jumatatu tulikwenda hospitali ya umma kumwona daktari wa ngozi. Tulikaa kwenye benchi karibu saa nne, na ndani tulikaa kama dakika saba. Daktari aliinua kidevu cha kijana kwa kidole, akatazama, akauliza, "Nani alikwambia huu ni uchafu?" Mdogo wangu akatoa zile barua. Daktari akazisoma, akatikisa kichwa, akaandika barua yake mwenyewe: jina la ugonjwa, sababu yake, na kwamba mgonjwa asiguse wembe kwa wiki nne, kisha baada ya hapo aruhusiwe kubaki na ndevu fupi zilizopunguzwa kwa mashine.

Kazini hawakufurahi, lakini barua ya daktari si kitu cha kutupa. Walimhamishia lango la nyuma, zamu ya usiku, ambako wageni hawapiti. Aliiona kama adhabu. Mimi nilimwambia aione kama mazingira ya majaribio: huku nyuma tunaweza kubadilisha vitu bila watumiaji kulalamika.

Nikafungua jedwali kwenye tarakilishi. Kila asubuhi akitoka zamu alinitumia picha ya upande wa kushoto wa shingo, mahali palepale, chini ya taa ileile ya bafuni. Mimi nilihesabu vipele na kuandika alichofanya siku iliyotangulia. Sharti lilikuwa moja: tusibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Ukibadilisha sabuni, wembe na mafuta siku moja, kisha uso upone, hutajua ni kipi cha kushukuru.

Siku ya kwanza nilihesabu vipele 41. Wiki ya kwanza bila wembe vilifika 46, kijana akaanza kukata tamaa. Ni jambo la kutarajiwa: nywele zilizokwisha kuchongwa bado zinaendelea kuingia ndani. Ndevu hukua milimita 0.3 hadi 0.4 hivi kwa siku, kwa hiyo subira inahitajika. Unywele uliozama ukifikia urefu wa sentimita moja hivi, mkunjo wake hufanya kazi kama springi na mara nyingi unajinasua wenyewe. Wiki ya tatu vilikuwa 19. Wiki ya nne, 8. Dawa yote iliyotumika mpaka hapo ilikuwa ni kutofanya kitu.

Hapo ndipo tuliporudisha kunyoa, hatua kwa hatua.

Utaratibu wenyewe

Haya, chukueni kalamu. Nimeupanga kwa mpangilio wa kufuata, kuanzia uliotusaidia zaidi.

1. Kama unaweza, usinyoe mpaka kwenye ngozi. Acha nusu milimita mpaka milimita moja. Unywele wenye urefu huo haujazama, na bado haujawa mrefu wa kujipinda na kutoboa. Hii ndiyo siri kubwa kuliko zote. Mdogo wangu anatumia mashine ndogo ya betri, kila baada ya siku mbili. Ukisimama naye hatua mbili huwezi kuziona ndevu.

2. Ukienda kwa kinyozi, usikubali ile mashine ambayo makali yake yamesogezwa mpaka sifuri. Vinyozi wetu wanapenda sana mtindo huo kwa sababu mstari unatoka safi. Mwambie aweke kichana kifupi, au asikandamize. Ni shingo yako na hela ni yako.

3. Kama lazima utumie wembe, tumia wenye ukali mmoja, na uwe mkali. Butu huvuta na kukukwaruza, na unalazimika kupitisha mara tatu mahali pamoja.

4. Lainisha kwanza. Maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kitambaa kwa dakika chache, au nyoa baada ya kuoga. Unywele uliolowa hukatika kwa urahisi na ncha yake haiwi kali kama ya unywele mkavu. Kisha paka povu la kutosha na ulipe muda. Maji baridi saa tisa na nusu za usiku si maandalizi.

5. Nyoa kufuata upande ndevu zinakoelekea. Na huo upande unabadilika! Shavuni huenda zinashuka, shingoni zinapanda, pembeni zinazunguka. Acha ndevu siku mbili, pitisha kidole taratibu, ujichoree ramani. Pale kidole kinapoteleza ndiko zinakoelekea.

6. Usivute ngozi kwa mkono wa pili. Ngozi iliyovutwa ikiachiwa hurudi juu na kuufunika unywele uliokatwa. Ni ile ile kazi ya makali ya pili, safari hii umeifanya kwa vidole.

7. Pitisha mara moja, suuza wembe, sogea mbele. Mwisho osha kwa maji baridi na upake mafuta mepesi yasiyo na manukato makali.

8. Kila usiku sugua sehemu ya ndevu taratibu kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, kwa miduara. Hii huziinua ncha zilizoanza kulala kabla hazijaingia.

9. Ukiona kitanzi cha unywele juu ya ngozi, na ncha yake imezama, unaweza kukiinua kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti. Kuinua, si kung'oa! Unywele ukiung'oa, mwingine utakuja nyuma yake na utapotelea ndani palepale. Na kama hauonekani juu, usichimbe.

Kuna pia poda na krimu za kuyeyusha ndevu. Hizi hazikati. Huvunja viunganishi vya salfa vinavyoishikilia keratini, unywele unalegea kama ugali uliozidi maji, unaukwangua. Faida ni kwamba ncha inayobaki ni butu. Hasara ni harufu ya yai viza, na kwamba ngozi yenyewe pia imejengwa kwa keratini. Ukizidisha dakika, unajichoma. Jaribu kwanza mahali padogo mkononi, usubiri siku nzima, kisha fuata muda ulioandikwa kwenye kopo kama unavyofuata muda wa mtihani. Mdogo wangu alijaribu mara moja, ngozi yake ikawasha, tukaandika kwenye jedwali na kuachana nayo. Jirani yangu anaitumia miaka na anaisifu.

Vipele vikikataa, daktari anaweza kukuandikia dawa za kupaka: za jamii ya retinoidi, asidi ya glikoliki au benzoili peroksaidi. Muulize daktari, usimuulize jamaa wa duka la vipodozi.

Na kwa wapenzi wa mitambo, kuna leza. Inaua mzizi wa unywele kwa joto, na bila unywele hakuna kipele. Shida ni kwamba leza hutafuta rangi nyeusi, na ngozi yetu ina rangi hiyohiyo. Mashine isiyofaa itachoma ngozi badala ya mzizi. Inayopendekezwa kwa ngozi nyeusi ni ile ya Nd:YAG, yenye wimbi la nanomita 1064, kwa sababu wimbi hilo refu hupita kwenye ngozi bila kunaswa sana na rangi yake. Inahitaji kurudiwa mara kadhaa na bei yake si ya askari wa lango. Lakini ukiamua kwenda, uliza swali moja kabla ya kulala kwenye kitanda: mashine yenu ni ya nanomita ngapi? Wakishindwa kujibu, vaa shati uende nyumbani.

Hapa kuna kisa kidogo kinachonifurahisha. Kuna dawa inayoitwa eflonithini. Ilikuja kujulikana kama dawa ya malale, ile aina inayopatikana Afrika ya Magharibi na Kati, Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda zikiwemo. Mwaka 2000 iliidhinishwa Marekani kama krimu ya kupunguza kasi ya nywele za usoni kwa wanawake, na baadaye madaktari wakaijaribu pamoja na leza kwa vipele vya ndevu. Dawa ya mbung'o imeishia kidevuni! Msimbo ulioandikwa kwa kazi moja ukatumika kwenye kazi nyingine kabisa.

Ya kutofanya

Usitumbue. Kila kipele kinachotumbuliwa kinazidisha doa, na kwa wengine kinaacha kovu la kuvimba, keloidi, ambalo ni vigumu kuliondoa kuliko kipele chenyewe.

Usipake krimu za kujichubua ili kuficha madoa. Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa chini ya meza. Na zile krimu zenye steroidi zinazouzwa kama pipi hutuliza kwa wiki moja, kisha zinakonda ngozi na kukuletea matatizo mapya. Madoa ya vipele hufifia yenyewe taratibu, kwa miezi, mradi vipele vipya visiendelee kuja. Kinga uso na jua wakati huo.

Usitegemee spiriti ya kinyozi. Inachoma, unajisikia umetibiwa, lakini haina uwezo wa kuuzuia unywele kupinda. Wala haitoshi kuifutia mashine juu juu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuendelea kuambukiza kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi. Shingo yenye vipele ikipitiwa na mashine hutoa damu, na mashine hiyohiyo inamsubiri aliye kwenye foleni. Kama uwezo upo, nunua mashine yako, uende nayo kwa kinyozi. Mzuri hataudhika.

Na jamani, vipele vya kisogoni, vile vinavyoganda na kuwa vigumu kama mbegu, ni ndugu wa hivi lakini si hivi. Vinaweza kuacha kovu na kuua nywele moja kwa moja. Usivisubiri vikomae, mwone daktari mapema.

Sheria za watu wengine na zetu

Nilipokuwa nikisoma haya yote niligundua kwamba mdogo wangu hakuwa wa kwanza. Marekani, mfanyakazi mmoja mweusi aliyekuwa akipeleka piza alifukuzwa kwa kutonyoa, na katika kesi ya Bradley dhidi ya Pizzaco of Nebraska mahakama ya rufaa ilikubali mwaka 1991 kwamba amri ya kunyoa inawaumiza wanaume weusi zaidi ya wengine. Mwaka 1993 ikakataa sababu za kibiashara za mwajiri. Lakini mwaka huohuo wa 1993, wazima moto wa mji wa Atlanta walishindwa kwenye kesi yao, kwa sababu barakoa ya kupumulia inahitaji kubana sawasawa kwenye ngozi. Jeshini mjadala haujaisha: mwaka 2025 uongozi wa ulinzi wa Marekani ulikaza masharti, na mwanajeshi anayehitaji ruhusa ya kutonyoa kwa zaidi ya mwaka mmoja anaweza kuondolewa.

Mimi naona mahakama hizo mbili zilitumia hoja moja. Uliza amri ya kunyoa inalinda nini. Ikiwa inalinda pumzi ya mtu ndani ya moshi, hiyo ni sababu. Ikiwa inalinda macho ya mteja anayepokea piza, au mgeni anayepita langoni, basi mtu asimwage damu kwa ajili yake.

Kwetu, Katiba ya 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, na hali ya afya ni mmojawapo. Inawabana watu binafsi pia, si serikali peke yake. Mimi si wakili, lakini tulichomoa ukurasa huo, tukauambatanisha na barua ya daktari na picha mbili, ya siku ya kwanza na ya wiki ya sita, tukampelekea meneja wa wafanyakazi. Hatukumtusi mtu. Tuliomba jambo moja: ndevu za milimita moja zikubaliwe, na neno "usafi" lifutwe kwenye faili la kijana.

La kwanza walikubali. Amerudi lango la mbele, zamu ya mchana. La pili hawajajibu mpaka leo, na zile barua mbili bado zimo kwenye faili. Kitabu chao cha kanuni nacho hakijabadilika: bado kinasema uso usio na ndevu, kila siku, kwa kila mtu. Alichopewa mdogo wangu ni kiraka, na mfumo wenyewe uko vilevile. Wiki mbili zilizopita wenzake watatu walimfuata kimyakimya wakati wa kubadilishana zamu, kila mmoja amefungua kola, wakimuuliza ile karatasi ya daktari inapatikana wapi. Amewaelekeza. Sasa ni wanne, na meneja anayepokea barua nne zinazosema kitu kimoja huenda akafungua hicho kitabu.

Shingo ya kijana? Hesabu ya mwisho ilikuwa vipele 3. Madoa bado yapo, yanafifia.

Nimalizie kwa ombi. Kama nyumbani kwako kuna kijana wa miaka kumi na sita ambaye ameanza kuazima wembe wako bila kukwambia, usimcheke. Mwite bafuni, mwonyeshe ndevu zake zinaelekea wapi, mwambie asivute ngozi, na umnunulie wembe wake wa ukali mmoja. Ni somo la dakika tano, na wengi wetu hakuna aliyetufundisha.

Kwaherini kwa sasa.